Kuotesha kuvu za baharini na kupima kampaundi zake tendaji: mwongozo kwa anayeanza

Wanaoanza kazi hii huuliza maswali yale yale: sampuli ichukuliwe wapi, kwa nini sahani zimejaa bakteria badala ya kuvu, mchele unahitajika kwa kazi gani, na kwa nini dondoo (mchanganyiko wa kampaundi, yaani kemikali, uliokamuliwa kutoka kwa kuvu) iliyozuia bakteria mara ya kwanza haikuzuia chochote mara ya pili. Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, tangu sampuli inapotoka majini hadi unapokuwa na dondoo ambayo utendaji wake umethibitishwa. Hauingii katika kutenga kampaundi moja moja na kutambua muundo wake, kwa kuwa hiyo ni kazi ya mkemia mwenye vifaa vyake, na mkemia huyo hataweza kukusaidia iwapo hatua zilizo hapa chini hazikufanywa vizuri.

Shika jambo moja tangu mwanzo: kila matokeo utakayoandika lazima yaweze kufuatiliwa nyuma hadi kwenye kuvu moja, iliyo safi, iliyo hai na iliyohifadhiwa. Dondoo isiyo na kuvu yake haina thamani, hata ikiua bakteria wote uliowaweka mbele yake.

Nadharia kidogo tu

Kuvu zinazopatikana baharini ni za aina mbili. Zipo zinazokua na kuzaa spora (chembe zake za uzazi) baharini pekee, na zipo zinazopatikana nchi kavu pia lakini zimeweza kuishi katika maji ya chumvi. Katika kundi hili la pili utakutana mara nyingi na Aspergillus, Penicillium, Cladosporium, Trichoderma na Fusarium. Usilidharau. Mwaka 1945 Giuseppe Brotzu alipata katika maji ya bahari ya Cagliari, kisiwani Sardinia, karibu na mahali maji taka yalipomwagika, kuvu iliyoitwa wakati huo Cephalosporium acremonium, na kutokana nayo likazaliwa kundi zima la antibiotiki ziitwazo sefalosporini. Halimidi, iliyotoka kwa Aspergillus aliyeishi ndani ya mwani wa jenasi Halimeda, ndiyo iliyokuwa kielelezo cha kutengenezea plinabulini, dawa iliyofikia hatua ya tatu ya majaribio kwa binadamu.

Kuvu hutengeneza kampaundi hizi kwa ajili ya maisha yake yenyewe, na haizitengenezi zote kila wakati. Aina ya chakula, chumvi, mwanga, hewa na muda wa kukua hubadilisha kinachozalishwa, kiasi kwamba kuvu ile ile inaweza kutoa dondoo mbili zisizofanana kabisa. Ndiyo maana utaiotesha katika zaidi ya chakula kimoja.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Kwanza ni kibali. Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika tarehe 12 Oktoba 2014, inahusu ruhusa ya kutumia rasilimali za kijenetiki na mgawanyo wa manufaa yake, na kuvu iliyomo ndani ya sponji au mwani ni rasilimali ya aina hiyo. Uliza mamlaka husika mapema, kabla hujagusa maji, kwa sababu kibali hakipatikani kwa kurudi nyuma. Omba pia ruhusa ya eneo lenyewe ikiwa ni hifadhi, na usivunje matumbawe hai kwa ajili ya zoezi la kujifunza. Tope, majani ya mikoko yaliyooza na mwani vina kuvu za kutosha.

Pili ni mahali salama pa kufanyia kazi. Unahitaji kabati la usalama wa kibiolojia la daraja la pili. Usitumie lile kabati la hewa safi linalopuliza hewa kuelekea kwa anayefanya kazi, kwa sababu litakupulizia spora usoni. Aspergillus fumigatus huweza kuambukiza mapafu, na Aspergillus flavus hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Hutajua unayo ipi mpaka uitambue, hivyo kila kuvu uichukulie kuwa yenye madhara. Mwenye pumu au kinga dhaifu ya mwili asifungue sahani zenye spora.

Vifaa vingine ni hivi:

- otoklevu (chombo cha kutasa, yaani kuua vijidudu vyote, kwa mvuke wenye shinikizo), inkubeta (kabati la kuoteshea lenye joto lisilobadilika) ya nyuzi 25 za Selsiasi, na friji; friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri itafaa sana kama ipo;
- sahani za petri, mirija, flaski za kioo za lita 1, wembe tasa, kibano, sindano ya kupandia na taa ya spiriti;
- ethanoli ya asilimia 70, methanoli, heksani na ethili asetati, pamoja na kabati la kufyonza mvuke, faneli ya kutenganishia na mashine ya kuvukiza kwa kuzungusha;
- bakteria wa kupimia: Bacillus subtilis na Escherichia coli za aina zisizo na madhara zinazotumika maabara za kufundishia zinamtosha anayeanza;
- daftari lenye kurasa zilizopigwa namba.

Chakula cha kutengea kuvu ni agari ya kimea, yaani jeli yenye virutubishi vya nafaka iliyochipuzwa. Kwa lita 1 ya maji yaliyochujwa, weka gramu 15 za dondoo ya kimea, gramu 15 za agari, chumvi ya bahari ya maabara gramu 24 hadi 33, na kloramfenikoli, antibiotiki ya kuzuia bakteria, gramu 0.2. Rekebisha pH iwe kati ya 7 na 8, kisha chemsha katika otoklevu kwa nyuzi 121 kwa dakika 15. Kloramfenikoli hustahimili joto hilo, kwa hiyo inaweza kutiwa kabla. Ukichagua antibiotiki nyingine, streptomisini, subiri agari ipoe hadi takriban nyuzi 50 ndipo utie, kwa kuwa joto la otoklevu litaiharibu. Vaa glavu na barakoa unapopima kloramfenikoli, maana unga wake ni hatari kwa afya.

Hatua za kazi

1. Chukua sampuli. Kata kipande cha mwani, jani la mkoko au sponji kwa wembe tasa na ukiweke katika mfuko tasa pamoja na maji kidogo ya mahali hapo. Tope lichote kwa mrija tasa kutoka chini ya tabaka la juu. Weka mifuko katika kisanduku chenye barafu bila kuigandisha. Andika papo hapo tarehe, mahali kwa vipimo vya ramani, kina, joto la maji na kiumbe ulichokata, kisha kipige picha. Anza kuotesha siku hiyo hiyo, kwani bakteria wa tishu inayooza huongezeka upesi na kuizidi nguvu kuvu inayokua polepole.

2. Safisha uso wa sampuli. Ikiwa unatafuta kuvu zinazoishi ndani ya tishu, lazima uziondoe zile zilizotua juu tu. Suuza kipande mara 3 kwa maji ya bahari yaliyotaswa, kichovye katika ethanoli ya asilimia 70 kwa sekunde 30 hadi 60, kisha kisuuze tena mara 3. Sponji ni laini na hunywa ethanoli hadi ndani, hivyo ipunguzie muda. Baada ya suuza ya mwisho, gusisha kipande kwenye sahani moja ya agari kisha ukiondoe, au mwaga matone machache ya maji hayo juu yake. Sahani hii ndiyo shahidi wako: ikiota kuvu, basi uso haukusafika, na huna haki ya kusema kuvu ulizozipata ziliishi ndani. Tope halihitaji hatua hii. Lizimue kwa maji tasa ya bahari mara 10, mara 100 na mara 1,000, na usambaze mikrolita 100 za kila mzimuo kwenye sahani yake.

 Ikiwa utatumia pia hipokloriti ya sodiamu (kemikali iliyomo katika dawa ya kung'arishia nguo) kwa majani magumu, isuuze kabisa kabla ya kurudi kwenye ethanoli, na kamwe usivimimine vyote viwili katika chombo kimoja cha taka, kwa sababu vikikutana huweza kutoa klorofomu na sumu nyingine.

3. Pandikiza. Kata tishu iliyosafishwa katika vipande vya nusu sentimita ili sehemu ya ndani iwe wazi, weka vipande 4 au 5 kwa kila sahani, upande uliokatwa ukigusa agari. Acha sahani moja tupu wazi ndani ya kabati kwa muda wote wa kazi ili ikuonyeshe kilichomo hewani. Funga kingo, pindua sahani, na uziweke kwenye nyuzi 25.

4. Angalia kila siku, kwa muda wa wiki 4. Hapa ndipo wengi huipoteza kazi yao. Kuvu zinazojitokeza siku ya pili au ya tatu ni zile zenye mbio, mara nyingi Trichoderma au Rhizopus, na mtu akizichukua hizo na kutupa sahani huwa ameziacha zenye thamani zaidi kwa jicho la mtafiti, yaani zile zinazoonekana wiki ya tatu kama doa dogo jeusi au la waridi pembeni ya kipande. Kila koloni jipya (doa la kuvu lililokua kutoka sehemu moja) likionekana, lihamishe mara moja likiwa bado dogo.

5. Takasa. Chukua kipande kidogo cha agari kutoka ukingoni mwa koloni, ambako nyuzi ni changa, na ukiweke katikati ya sahani mpya. Rudia hadi sahani nzima iwe na umbo moja, rangi moja na ukingo mmoja, kisha iangalie kwa hadubini. Umbo moja kwa macho si uthibitisho, kwani kuvu mbili huweza kukua zikiwa zimefumana. Ikiwezekana, anzisha koloni la mwisho kutoka spora moja. Ipe kila kuvu iliyotakaswa namba yake na usiibadilishe kamwe.

6. Hifadhi kabla ya jambo lingine lolote. Nikiulizwa ni hatua ipi inayorukwa kuliko zote, nitaitaja hii, kwa sababu mtu aliye na koloni zuri mkononi hutamani kuona matokeo. Jizuie. Weka vipande vya agari vyenye kuvu katika gliseroli tasa ya asilimia 20 na uvigandishe kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Kama huna friza hiyo, vizamishe katika maji tasa ndani ya vichupa vyenye vifuniko vinavyokaza, njia ya zamani inayotunza kuvu nyingi kwa miaka. Tengeneza nakala zisizopungua 3, na baada ya wiki moja ifufue mojawapo ili uhakikishe kuwa ulichokihifadhi ki hai. Kuvu inayopandwa tena na tena kutoka sahani hadi sahani huweza kupoteza uwezo wa kutengeneza kampaundi, na hapo nakala ya kwanza ndiyo itakayokuokoa.

7. Itambue. Sehemu ya DNA iitwayo ITS ilikubaliwa mwaka 2012 kuwa alama rasmi ya kutambulishia kuvu, na ndiyo ya kuanzia. Haitoshi kutenganisha spishi zilizo karibu: kwa Aspergillus ongeza jeni ya kalmodulini, na kwa Penicillium jeni ya beta-tubulini. Ukiwa na ITS peke yake, andika jina la jenasi na uishie hapo.

8. Otesha kwa wingi. Katika flaski ya lita 1 weka gramu 100 za mchele, mililita 100 za maji na gramu 3.5 za chumvi ya bahari, acha ulowe usiku kucha, kisha utase. Pandikiza vipande 5 au 6 vya agari yenye kuvu changa na uache flaski itulie bila kutikiswa kwa wiki 3 hadi 4 katika joto la kawaida la chumba. Mchele una wanga mwingi na uso mpana wa kukulia, na kwa kuvu nyingi hutoa kampaundi nyingi kuliko chakula cha majimaji. Otesha kuvu hiyo hiyo pia katika kimea cha majimaji chenye chumvi, na kama flaski zinatosha, katika mchele usiotiwa chumvi. Kwa kila aina ya chakula andaa flaski moja isiyopandwa kitu, ikae muda ule ule na ipitie hatua zote zinazofuata. Flaski hii tupu usiiache kwa sababu yoyote.

9. Kamua kwa ethili asetati. Mimina mililita 300 hadi 500 juu ya mchele, ukatekate kwa fimbo ya kioo, na uache usiku kucha ndani ya kabati la kufyonza mvuke. Chuja, rudia mara mbili, kusanya pamoja, na uvukize kwa joto la maji lisilozidi nyuzi 40. Ethili asetati hushika moto hata ikiwa baridi, hivyo taa ya spiriti isiwe chumba hicho. Tumia vyombo vya kioo tupu: kiyeyushi hiki huyeyusha sahani na mirija ya polistireni, na plastiki nyingine humwaga ndani ya dondoo ftalati (kemikali za kulainishia plastiki), ambazo wanaoanza wamekuwa wakizishangilia kama uvumbuzi.

10. Ondoa mafuta. Yeyusha dondoo katika methanoli yenye asilimia 10 ya maji, itikise pamoja na heksani ya ujazo sawa katika faneli ya kutenganishia, na utoe tabaka la juu. Rudia mara 2 au 3. Asidi za mafuta za mchele na za kuvu yenyewe, hasa asidi ya linoleiki, huzuia bakteria kiasi fulani na zitakudanganya ukiziacha. Kausha tabaka la methanoli, lipime uzito, na ulihifadhi kwenye kichupa cha kioo mahali pa giza na baridi.

11. Pima utendaji. Andaa dondoo ya miligramu 10 kwa mililita 1 ya methanoli na udondoshe mikrolita 20 kwenye kidiski cha karatasi cha milimita 6, yaani mikrogramu 200 kwa kidiski. Kiache kikauke kabisa. Sambaza maji yenye bakteria ambayo ukungu wake unalingana na 0.5 kwenye kipimo cha McFarland (kipimo cha wingi wa bakteria kwa ukungu wa maji), yaani bakteria kama milioni 150 kwa mililita, juu ya agari ya Mueller-Hinton (chakula cha kawaida cha kupimia antibiotiki), weka vidiski, na usome baada ya saa 16 hadi 20 kwenye nyuzi 35. Kila sahani iwe na vidiski 4: cha dondoo, cha dondoo ya flaski tupu, cha methanoli iliyokauka, na cha antibiotiki inayojulikana.

 Usipange kuvu zako kwa ukubwa wa duara peke yake, yaani eneo linalozunguka kidiski ambamo bakteria hawakuota. Kampaundi isiyopenda maji haisambai vizuri ndani ya agari, hivyo yenye nguvu inaweza kuonyesha duara dogo na dhaifu ikaonyesha kubwa. Duara linakuambia kipo au hakipo. Nguvu ipimwe baadaye kwa mizimuo katika sahani ya visima 96, ambako unatafuta kiasi kidogo kabisa kinachozuia ukuaji, huku DMSO, kiyeyushi cha dondoo, ikiwa haizidi asilimia 1 ya ujazo.

12. Pima sumu mapema. Kipimo chepesi ni cha viluwiluwi vya Artemia, mnyama mdogo wa maji ya chumvi anayefanana na kamba: mayai huanguliwa katika maji ya chumvi ndani ya saa 24 hadi 48, viluwiluwi 10 huwekwa katika kila mrija wenye kiasi tofauti cha dondoo, na wafu huhesabiwa baada ya saa 24. Dondoo inayoua bakteria na viluwiluwi kwa kiasi kile kile huenda ni sumu ya jumla tu. Gliotoksini, inayotolewa na kuvu kadhaa zikiwemo za baharini, ni mfano wake.

13. Thibitisha. Fufua nakala iliyohifadhiwa, otesha upya, kamua upya, pima upya. Utendaji ukirudi, tuma sehemu ya dondoo ipimwe kwa kromatografia ya kimiminika iliyounganishwa na kipima-masi, ili uzito wa molekuli zilizomo ulinganishwe na kampaundi ambazo tayari zinafahamika.

Mambo yakienda kombo

Sahani zimejaa ute wa bakteria. Kagua kwanza kama antibiotiki iliharibiwa na joto, kisha uongeze suuza. Bakteria wengine wa baharini hawajali kloramfenikoli. Changanya na streptomisini.

Kuvu moja imefunika sahani yote. Kata ukingo wake kwa wembe na kuondoa agari yake kabla haijafika kwa wenzake, na utakapootesha tena punguza kimea hadi gramu 2 kwa lita. Chakula haba huzipunguza mbio zile za haraka kuliko kinavyoziathiri za polepole.

Hakuna kilichoota. Ethanoli ilikaa mno, au sampuli iliganda. Ikiwa ni sponji, shuku ethanoli kwanza.

Agari haikushikana. Karibu kila mara pH ilishuka kabla ya otoklevu, kwani agari ikichemshwa katika asidi hupoteza nguvu.

Mchele umegeuka uji. Maji yalizidi. Kuvu haitapata hewa ndani ya uji huo, hivyo anza upya na maji mililita 80 hadi 90.

Dondoo ya flaski tupu nayo inazuia bakteria. Kama kidiski cha methanoli hakizuii kitu, tatizo ni mafuta au plastiki: rudia hatua ya 10 na ukague vyombo. Kama nacho kinazuia, vidiski havikukauka.

Utendaji umepotea katika rudio. Linganisha chapa ya mchele, kiasi cha chumvi, siku za kukua na kizazi cha kuvu kilichotumika. Kawaida mojawapo ilibadilika bila kuandikwa. Kama hakuna kilichobadilika, gawa dondoo ya zamani na uipime tena, maana baadhi ya kampaundi huharibika zikikaa kwenye mwanga au zikiwa bado katika methanoli.

Kipima-masi kimeonyesha kampaundi inayojulikana. Hili litatokea mara nyingi, hasa kwa Aspergillus na Penicillium. Iandike katika rekodi ya kuvu hiyo, angalia kama kuna molekuli nyingine yenye uzito usiofahamika katika dondoo hiyo hiyo, na ikiwa haipo, ioteshe kuvu hiyo mara moja tu katika chakula tofauti kabla ya kuamua kuirudisha kwenye friza na kwenda kwenye namba inayofuata.